Maji ya Gikomba na Mafundi Wayapimao

Mtu atakaye kuiona Gikomba kama ilivyo yampasa kuamka mapema. Kabla ya kupambazuka mabelo ya mitumba yamekwisha katwa kamba, na wachuuzi wameinama juu ya marundo ya mashati kwa mwanga wa taa, kila mmoja akiwania zile nguo bora ambazo hapo sokoni huitwa "kamera". Malori ya samaki yamefika kutoka Ziwa Victoria na Ziwa Turkana, na mengine yameshusha makasha ya samaki wa barafu waliosafiri kutoka China. Upande wa Kamukunji nyundo zimeanza kulia juu ya mabati. Hapo hutengenezwa masanduku ya wanafunzi, majiko ya makaa, karai, koleo na toroli za wajenzi. Njia ni nyembamba, na wenye mikokoteni hawana subira. Mgeni asiyesikia kelele ya "Pisha!" hujikuta ameegemea kibanda cha mtu pasipo kutaka.

Soko hili liko ubavuni mwa Pumwani, mtaa uliowekwa kwa Waafrika wa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920, nalo limepakana na Majengo na Shauri Moyo. Limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliwaua watu wasiopungua 15. Kila mara limejengwa upya, pengine kabla majivu hayajapoa, maana jamaa wengi wa Eastlands hawana shamba lingine ila kibanda hicho.

Walakini kuna kitu nyuma ya soko ambacho wanunuzi karibu wote hukipa kisogo. Vibanda vya mwisho vikiisha ardhi yateremka, na huko chini wapita Mto Nairobi. Wamasai waliupa jina la Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na mji mzima ukarithi jina hilo reli ilipofika mwaka 1899. Ubaridi bado upo asubuhi. Jingine lililosifiwa zamani ni vigumu kuliona. Maji ni meusi. Yachukua vitambaa vilivyokosa mnunuzi, magamba ya samaki, majivu, mafuta ya gereji, na uchafu wa vyoo ambavyo mifereji yake yaishia mtoni. Mtu akisimama darajani aweza kuhesabu biashara zote za soko kwa kutazama tu vitu vinavyoelea.

Mto huu haukuzaliwa hivyo. Chimbuko lake ni upande wa Kikuyu, penye kinamasi cha Ondiri, ambako maji ni ya kawaida na ng'ombe huyanywa. Hupita Chiromo, hupita chini ya barabara za mjini, hufika Gikomba, kisha huelekea Dandora na Ruai, ukipokea maji ya Mathare na ya Ngong njiani. Mbele yake huungana na Athi. Athi huteremka miamba ya Fourteen Falls karibu na Ol Donyo Sabuk, huzunguka nchi ya Ukambani, na baada ya kukutana na Mto Tsavo hubadili jina na kuitwa Galana. Pwani jina labadilika tena. Watu husema Sabaki, na kwa jina hilo maji huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Muuza nguo wa Gikomba na mvuvi wa Malindi hawajapata kuamkiana, lakini mmoja hupokea atupacho mwenziwe.

Bahari yenyewe imeandika habari hizo. Mwaka 2007 wataalamu walichapisha uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi ambalo lilikuwa limekua kwa muda wa miaka kama 300. Tumbawe huongezeka tabaka juu ya tabaka, kama mti uongezavyo pete zake, na katika kila tabaka wataalamu walipima madini ya bariamu, ambayo hufika baharini pamoja na udongo uliosombwa na mto. Kwa miaka 200 ya kwanza kipimo kilikuwa kidogo na kilitulia. Karne ya 20 ilipoanza, mashamba ya walowezi yalipofunguliwa bara na vilima vikalimwa bila kinga, kipimo kilipanda, na hakikurudi chini. Mkulima asomaye haya akiwa Machakos au Kiambu yafaa ajue kuwa udongo wake uliopotea haukupotea kabisa. Umewekwa Malindi, pamoja na mwaka wake.

Walioitangaza habari hiyo ni watu wenye shahada kubwa, nao wastahili sifa. Lakini kazi ya namna hiyo ina watu wengine ambao majina yao hayachapishwi sana: apigaye mbizi, aendeshaye mashua, ashikaye kekee isipinde, akataye kipande na kukiandika namba kisije kikachanganywa na kingine. Huyo ndiye fundi wa sayansi. Si profesa, wala si kibarua. Nchi yaweza kuwa na maprofesa wengi na sheria nzuri, na huyo akikosekana, hakuna ajuaye kilichomo majini.

Kazi yake kwa mtazamaji huonekana rahisi. Husimama mtoni akielekea kule maji yatokako, ili tope alilotimua kwa miguu yake lisiingie chupani. Huizamisha chupa kiasi cha shubiri moja chini ya uso wa maji, kwa kuwa mafuta na povu la juu havisimulii habari za mto mzima. Chupa ya kutafutia bakteria huachwa nafasi kidogo juu ili maji yapate kutikiswa. Chupa ya kupimia oksijeni hujazwa mpaka ikafurika, isibaki hata tone la hewa ndani yake. Kisha huandika mahali, tarehe, saa na jina lake, na chupa huingia katika sanduku la barafu. Akisahau kuandika saa, au akiliacha sanduku juani akanywe chai, mitambo yote ya maabara, iwe ya thamani gani, itapima bure. Karani yeyote aliyewahi kutafuta faili kwa ajili ya barua isiyo na tarehe ataelewa jambo hili bila kufundishwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho mafundi hukiita BOD. Maana yake ni kujua vijidudu vilivyomo majini vyatumia oksijeni kiasi gani vikiozesha uchafu. Chupa hufungwa, hutiwa gizani katika joto la digrii 20, na kufunguliwa baada ya siku tano. Mbona tano? Desturi hiyo ilitokana na tume ya Uingereza iliyotoa taarifa yake mwaka 1912, na husimuliwa kuwa wazee wa tume waliona hakuna mto wa kwao uchukuao zaidi ya siku tano kufika baharini. Mto wa Gikomba haukuulizwa. Hata hivyo kanuni za Kenya zafuata siku hizo hizo: maji machafu yatakayoachiwa mtoni hayaruhusiwi kuzidi kipimo cha miligramu 30 kwa lita. Hiyo 30 ndiyo namba ambayo korti itaiulizia. Mwenye kiwanda akishtakiwa, na akiwa na wakili mwerevu, wakili huyo hatapoteza muda kubishana na sheria. Atauliza ni nani aliyeteka maji, saa ngapi, na chupa ililala wapi.

Hapo ndipo Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu chake cha 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi, yaweza kuanguka au kusimama kwa ajili ya chupa moja. Chini ya mji, upande wa Njiru na Ruai, kuna mashamba ya mboga yanyweshwayo maji ya mto, na mboga hizo hurudi mjini kuuzwa. Mama asimamaye mbele ya fungu la sukuma wiki hawezi kujua kwa macho lilinyweshwa nini. Mkulima naye hana maji mengine, na mara nyingi husingiziwa ubaya ulioanzia mbali juu yake. Bila kipimo kilichoandikwa vizuri, mwenye makosa na asiye na makosa wafanana.

Sasa, fundi huyu hupatikanaje? Jibu moja liko palepale Kamukunji, na hakuna aliyeliandikia ripoti. Kijana huletwa na mjomba au jirani kwa mzee mwenye nyundo. Siku ya kwanza hushika upande wa bati mzee akikata. Baada ya siku chache hupewa mkasi na vipande vilivyoharibika, naye huviharibu zaidi. Hukemewa, hucheka, hujaribu tena. Mzee hupata mikono ya kumsaidia, kijana hupata kazi, na hakuna amwitaye fundi mpaka sanduku lake limefunga sawasawa na kufuli limeingia. Wachonga vinyago wa Kikamba wa Pumwani nao wamefundishana kwa njia hiyo miaka mingi, na kazi yao imefika Ulaya na Marekani.

Chuo cha sayansi kina taabu ya namna nyingine. Kina madawati, kina mwalimu, kina kitabu. Pengine kina mtambo mmoja ambao darasa zima huuzunguka kama watu wanaotazama gari lililopinduka. Hakina mto wala mashua. Idara ya serikali kwa upande wake ina mto, ina mashua, ina vipimo vilivyosimikwa kingoni, lakini watumishi wake wakongwe wastaafu mmoja mmoja na maarifa yao hutoka nao mlangoni. Kila mmoja anacho kile akosacho mwenziwe. Kuwaunganisha kwaonekana ni jambo dogo, na huenda ndiyo sababu limecheleweshwa.

Mahali pengine limefanyika zamani. Pale Dagoretti Corner, katika Barabara ya Ngong, Idara ya Hali ya Hewa ina chuo chake mwenyewe, ambacho tangu miaka ya 1960 kimewafundisha wapima mvua na wapima upepo wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika. Mwanafunzi wa huko hatoki darasani kwenda kutafuta idara. Amekwisha kuwa ndani yake. Mtaani South C kuna Chuo cha Maji cha Kenya, kilichoanza kama shule ya wizara na kikapewa sheria yake mwenyewe mwaka 2001. Hutoa mafundi wa mabomba, wa visima, na wa maabara za maji. Kutoka Gikomba mpaka South C ni safari ya matatu mbili, na vijana wengi wa Shauri Moyo hawajasikia habari zake.

Kwa upande wa bahari historia ni ya kupanda na kushuka. Katika miaka ya 1950 utafiti wa bahari ya Afrika ya Mashariki yote ulikuwa na makao Unguja, na wa maziwa ulikuwa Jinja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na ilichokishika. Unguja, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha taasisi yake ya sayansi za bahari mwaka 1978, na Kenya mwaka 1979 ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, ambayo wengi huijua kwa jina la KMFRI, makao yake Mombasa. Taasisi hiyo ina meli iitwayo Mtafiti. Zamani ilikuwa ya Flanders, Ubelgiji, ikiitwa Zeeleeuw, kabla ya kuletwa kwetu. Meli ya namna hiyo haiendi kwa nahodha na maprofesa peke yao. Yataka mtu wa kushusha wavu wa viumbe wadogo, wa kufunga chupa za kina kirefu, wa kujua kamba ipi itakatika.

Vyombo vingine vya bahari si vya ajabu. Kimojawapo ni sahani tu iliyotungwa kamba yenye alama za mita. Alianza kuitumia padre Mwitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865. Fundi huishusha majini mpaka macho yake hayaioni tena, kisha husoma kamba: kadiri maji yalivyo na tope, ndivyo sahani ipoteavyo upesi. Ikishushwa penye mdomo wa Sabaki wakati wa mvua, na kisha mbali kidogo kusini, tofauti hueleza jambo ambalo hotuba ndefu haiwezi. Sahani kama hiyo kijana wa Kamukunji angeweza kuikata kwa bati na kuipaka rangi kabla chai yake haijapoa.

Jambo moja katika mambo ya vyuo halina budi kusemwa. Kenya Polytechnic, iliyofungua milango Nairobi mwaka 1961, ilijengwa kwa ajili ya mafundi wa namna hii. Mombasa nako kulikuwa na chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, ambacho baadaye kilikuja kuwa Mombasa Polytechnic. Tangu mwaka 2013 vyote viwili ni vyuo vikuu. Kupandishwa cheo ni heshima, na hakuna mzazi achukiaye kuona mwanawe amevaa joho. Lakini nyumba yenye waandisi watano na fundi mmoja hujengwa polepole kuliko yenye mwandisi mmoja na mafundi watano.

Tena liko suala la mafunzo kazini. Kila mwanafunzi wa ufundi hutakiwa kukaa miezi kadhaa katika idara au kampuni kabla ya kufuzu, akiwa na daftari ambalo msimamizi hutia sahihi kila juma. Mahali palipo na nia njema, miezi hiyo humfanya mtu. Lakini ziko ofisi ambazo mgeni hupewa kazi ya kupeleka faili na kununua maandazi, na siku ya mwisho daftari hutiwa sahihi zote kwa kalamu moja na kwa wino mmoja. Nauli hujilipia mwenyewe. Kwa kijana ambaye mama yake huuza mgongo wazi kwa wapita njia, nauli ya miezi mitatu yaweza kuwa ndiyo mwisho wa elimu. Anayetaka kujua kwa nini mafundi wa maji hawatoki Majengo asianze kuchunguza akili za watoto wa Majengo. Aanze na nauli.

Lakini Eastlands yenyewe si ngeni katika mambo ya ushirikiano. Kituo cha St John's, Pumwani, kimekuwapo tangu mwaka 1957, na vijana wengi wamepata kazi ya mikono humo. Starehe, shule ambayo Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu waliianzisha mwaka 1959 kwa ajili ya watoto wasio na makao, ina desturi ya kuwapeleka wanafunzi wake kutumika kwa hiari katika maofisi na mahospitali. Desturi hiyo yaweza kufika maabara ya maji bila kubadilishwa neno. Kuna pia mpango wa GLOBE, ambao tangu mwaka 1995 umewapa wanafunzi wa Kenya vipimo vya mvua, joto na maji ili hesabu zao zitumike na wataalamu. Mwingine ni TAHMO, ulioanzishwa na wataalamu wa vyuo vikuu vya Delft, Uholanzi, na Oregon, Marekani. Huu husimika katika viwanja vya shule kifaa kidogo juu ya nguzo, kipimacho mvua, joto, upepo na jua, na kupeleka hesabu kwa njia ya simu. Shule hukilinda na kukisafisha. Wanafunzi husoma hesabu zake darasani. Nao watu wa hali ya hewa hupata kituo mahali ambapo hawakuwa nacho. Hapo hakuna aombaye na apewaye. Kila upande una kazi yake.

Mto Nairobi umekwisha kuona mipango mingi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri katika mji huu huu, lilianza mpango wa bonde la mto mwaka 1999. John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira alisafisha sehemu ya mto penye mzunguko wa Globe, na bustani ya hapo yaitwa kwa jina lake. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliamuru watu waondoke kingoni, na mwezi wa Oktoba mwaka huo mpango wa ClimateWorX uliwaandika vijana kwa maelfu kuzoa taka mtoni. Kazi hiyo ilikuwa ya reki na koleo, nayo iliwapa wengi chakula. Kama mmoja katika kila kikundi angepewa chupa, daftari na mtu wa kumfundisha, mto ungekuwa na walinzi wajuao kusoma.

Wanafunzi washukao mtoni nyuma ya soko wakiwa na sanduku lao la barafu hawakosi kuulizwa maswali. Mama muuza samaki, kisu mkononi, humwambia aliye karibu: "Kijana wangu, unapima nini, na harufu unaisikia?" Naye hujibu, "Ni kweli, Mama, lakini pua yangu haikubaliwi kortini." Mama hucheka, husogeza beseni lake, humwonyesha mahali pa kukanyaga pasipoteleza.

Kuna kipimo kifanywacho hapo hapo kingoni, alichokibuni Lajos Winkler wa Hungaria mwaka 1888. Chupa ikiisha jaa, hutiwa matone ya dawa mbili. Maji yakiwa na oksijeni ndani yake, mashapo yatakayotokea huwa ya rangi ya kahawia, na kadiri oksijeni ilivyo nyingi ndivyo rangi ilivyokolea. Yasipokuwa nayo kabisa, mashapo hubaki meupe, na katika maji hayo samaki hawezi kuishi. Kijana hufunga kizibo, huigeuza chupa juu chini mara kadhaa kama alivyoonyeshwa, huiinua kuelekea mwanga, na kungoja. Mama naye huacha kuparura samaki kwa muda, akatazama chupa ile.